Dole Langu Juu ya Jina la Magero

Mvuke unaoua hauonekani. Huo mweupe mnaouona kwenye mdomo wa birika umeshapoa, umeshakuwa mpole. Ule wa siku ile ulikuwa kama hewa tupu. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa nyumba ya boila, saa sita mchana, chupa ya kupimia maji mkononi, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kofia ya Magero ikitoka kwenye msumari wake ukutani na kwenda zake. Hakuna aliyeishika. Ilivuka chumba kwa usawa wa kichwa, polepole, kama imevaliwa na mtu ambaye hayupo, halafu ikaanguka. Masikio yangu yalichelewa. Mlio ulinifikia nikiwa tayari nimerushwa kwenye nguzo.

Mkono wa kulia, ule ulioshika chupa, ulibabuka mpaka kiwiko. Wa kushoto ulivunjika. Ndani ya nyumba ya boila walikufa watatu: Magero mwenyewe, na wachochea moto wawili, Odoi na Wafula.

Kisha kukawa kimya, maji yakidondoka tu. Katika kimya kile, kutoka nyumba ya maji ng'ambo ya uwanja, ambako hapakuwa na mtu, nikasikia chuma kikigongwa. Mara tatu. Kikapumzika. Mara tatu tena. Mtu pekee mwenye desturi ya kugonga tangi mara tatu alikuwa amelala kifudifudi hatua nne mbele yangu, na hakuamka.

Nyinyi vijana mnaoshika spana leo mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa, kwa kuwa nimeambiwa nikapumzike. Vyeo na mishahara waulizeni wenye vyeo. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, tena la pili lenyewe nilikaa dirishani. Nitaandika ninachokijua, na majina nitayataja.

Nilitoka Nabuyoga nikaja Tororo mwaka mmoja kabla bendera ya Uganda haijapanda. Kiwanda kilikamua mafuta ya pamba na kupika sabuni, na vyote hivyo vilitaka mvuke, na mvuke ulitaka maji safi. Maji yetu yalitoka kisimani, chini ya miamba ya chokaa. Sufuria ya nyumbani ikichemsha maji hayo mwaka mmoja inaota ganda jeupe ndani. Sasa fikirieni boila. Ganda likishika kwenye bomba, moto unakula chuma kwa nje na maji hayawezi kukipoza kwa ndani. Chuma kinalainika. Siku moja kinafunguka.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa kwa fundi wa maji, Magero, Msamia wa Busia upande wa Kenya. Mtu mfupi, mwenye sauti ya chini. Kila Jumamosi alipanda baiskeli kwenda kwake, na kila Jumatatu alikuwa wa kwanza getini. Baada ya Uhuru, askari wa pande zote mbili walimzoea hata wakawa wanampa barua za kupeleka. Hakunisalimia kwa maneno mengi. Alinipa kikombe cha maji, akasema, "Kunywa."

Nikanywa. Ulimi uliyatafuta maji yale haukuyapata. Yalikuwa baridi, yalikuwa mdomoni, lakini hayakuwa na kitu. Kama kuitikia mtu aliyekuita, ukigeuka humwoni.

"Umeonja nini?" akaniuliza.

"Sijaonja kitu, mzee."

"Basi ni mazuri. Usinywe tena. Hayo ni ya chuma. Mtu akiyazoea atasahau ladha ya kisima cha kwao."

Wanawake waliokuwa wakifunga sabuni hawakuyagusa. Waliyaita maji ya maiti. Madereva wa lori ndio waliyapenda, kwa ajili ya betri.

Matangi yalikuwa mawili, marefu kuliko mtu. Ndani hamna mashine, mna punje tu, ndogo kama mayai ya samaki, rangi ya chai kavu. Maji ya kisima yakipita kwenye tangi la kwanza, punje zinashika chokaa na kubaki nayo. Maji yanatoka na ukali kama wa limau. Yakipita tangi la pili, lenye punje za aina nyingine, ule ukali nao unashikwa, yanatoka yale matupu. Lakini punje zikishiba haziwezi kushika tena. Lazima zitapike. Neno hilo lilikuwa letu, kutapisha tangi. La kwanza linatapishwa kwa asidi, ile ile ya betri. La pili kwa magadi makali. Likishatapika unalisuuza, linaanza kula upya.

Vipimo vyetu vilikuwa vitatu. Ulimi, kwa maji ya tangi la kwanza: ukali ukipungua, limeshiba. Chupa: unatia maji na kipande cha sabuni yetu wenyewe, unatikisa. Povu likisimama, maji ni safi. Likifa na kuacha utando, kuna chokaa. Na cha tatu ni spana. Magero aligonga ubavu wa tangi mara tatu, akaweka sikio. Punje zilizolegea zinajibu kwa sauti nzito, kama gunia la mtama. Zilizogandana zinajibu kali.

"Tangi ni kama ng'ombe," alikuwa akisema. "Hawezi kukuambia anaumwa wapi. Wewe ndiye utoe sikio."

Sasa nifike kwenye ile ambayo wengine wamejitwalia. Kanuni ya kulegeza asidi haikutoka kwenye kitabu cha mtu. Ilitokana na bomba bovu. Siku moja pampu ya asidi ilikohoa, ikawa inatia kidogo kidogo ndani ya maji mengi, na sisi hatukujua mpaka ikapita nusu saa. Magero akaitengeneza, akamalizia kwa asidi ya nguvu ya kawaida. Tukadhani tumeharibu. Kumbe tangi lile lilifanya kazi siku mbili kamili badala ya moja, na povu la chupa lilisimama kama la bia.

Mtu mwingine angesema bahati. Magero alichukua kipande cha mkaa akachora kwenye ukuta. Hakujua kuandika. Duara lilikuwa siku, mstari ulikuwa debe la asidi, mstari mfupi asidi hafifu, mrefu kali. Miezi mitatu alijaribu hivi na vile, mpaka ukuta ukawa kama ngozi ya chui. Mwisho akaniita.

"Oketcho, mtu aliyeshinda njaa siku nyingi unampa nini?"

"Uji."

"Mzito?"

"Mwepesi, mzee. Mzito utamuua."

"Haya. Hii nayo ni hivyo hivyo. Uji mwepesi kwanza, na upite haraka. Halafu unaongeza. Na ile asidi ya mwisho, ambayo bado ina nguvu, usiimwage. Weka kwenye pipa, itakuwa uji wa kesho."

Alikuwa ameona kwa macho yake kwamba asidi kali ikikutana ghafla na tangi lililojaa chokaa, hazielewani. Zinagandana papo hapo kuwa kitu cheupe, kigumu, ndani kwa ndani katikati ya punje, na hakuna maji yatakayokitoa. Ukianza hafifu, chokaa inatoka taratibu na kwenda zake. Kazi ilichukua saa nne, mtu kasimama. Miaka minne boila halikuota ganda la kukwaruzwa kwa ukucha. Naandika hili mlishike. Mengine yote mnaweza kusahau.

Ndipo akaja injinia mpya. Jina lake lilikuwa refu la Kizungu, sisi tulimwita Kembo, na mwenyewe aliitika. Msimamizi wetu alikuwa Yokana Ekisa, mtu wa papa hapa, aliyejua kazi vizuri. Nasema alijua, ili baadaye asiseme hakujua. Msimu ule sabuni ilitakiwa kila mahali, lori zilipanga foleni, na Kembo akasimama mlangoni na saa yake akamwona Magero kakaa juu ya debe akitazama asidi ikipita.

"Wewe nafanya kazi ama napika uji?"

"Napika uji, Bwana," Magero akajibu.

Wote tulicheka, hata Ekisa. Hilo nalo nadhani liliingia kwenye hesabu ya moyo wa Kembo. Kesho yake ilikuja amri: asidi yote mara moja, kali, saa moja tu, tangi lirudi kazini. Magero alikataa. Alimwambia Ekisa mbele yangu, "Yokana, wewe unajua."

Ekisa alitazama viatu vyake. "Mimi najua, mzee. Lakini Bwana amesema. Mimi nina watoto."

"Hata boila ina watoto. Hesabu wale wanaolala mbele yake."

Kwa maneno hayo Magero alitolewa nyumba ya maji. Alipelekwa kuchochea moto, ati ajifunze adabu. Umri ule, kushika sepetu na vijana. Valvu ya asidi nikapewa mimi.

Hapa ndipo pagumu kwangu. Sikukataa. Nilifungua. Mkono uliofungua ndio huu wenye ngozi ya kuku, na nikiuona nikila huwa naujua ni wa nani.

Wiki ya kwanza haikuonekana kitu. Ya pili, maji ya tangi la kwanza yakaanza kupoteza ukali mapema, saa tano asubuhi, saa nne. Nikamwambia Ekisa, akasema ongeza asidi. Nikaongeza. Ekisa akapaka ukuta chokaa, alama zote za Magero zikapotea, kwa sababu Kembo alisema nyumba ya maji ni chafu.

Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, kiwanda kikiwa kimelala, Magero alikuja kwa mguu, uso mweusi kwa masizi, akagonga tangi mara tatu na kuweka sikio. Nilimwona uso ukibadilika.

"Njoo usikie."

Nikaweka sikio. Chuma kilikuwa baridi. Kwa muda hapakuwa na kitu, halafu ndani, mbali, kikajibu. Ko. Ko. Ko. Si sauti ya chuma kinachotulia. Ilikuwa na mpango.

"Ni nini, mzee?"

"Hii tangi sasa ina mfupa ndani," akasema. Akafuta sikio lake kwa kiganja, kama mtu aliyenong'onezewa jambo la aibu.

Wiki ya tatu, asubuhi ya siku ile, nilitikisa chupa, povu likafa. Nikatikisa nyingine, likafa. Nikampelekea Ekisa, akasema nisubiri Bwana arudi kutoka stesheni. Nilisubiri. Saa sita nilichoka kusubiri, nikachukua chupa nimpelekee Magero, kwa kuwa ndiye pekee ambaye angejua la kufanya. Nilifika mlangoni. Yaliyofuata nimeshayaeleza.

Hospitalini mkono wa kulia ulifungwa bendeji wote. Wa kushoto ulinyooshwa ukapakwa ule unga mweupe unaokuwa jiwe. Nilimwuliza dresa aliyenifunga ni unga wa nini. Akaniambia ni plasta, mawe fulani laini yanachomwa na kusagwa. Nikayatazama mawe yale mkononi mwangu siku nyingi. Sikuyajua bado.

Siku ya nne Ekisa alikuja na karatasi. Alikaa kitandani. Alileta ndizi.

"Pole, ndugu. Hii ni ya kusema uliumia kazini, basi. Weka dole."

"Soma."

"Ni Kizungu, ndugu yangu. Utachoka bure."

Mkono wa kulia haukuwa na dole la kutumia. Wa kushoto, kidole gumba ndicho kilichochomoza nje ya plasta. Alikishika yeye mwenyewe, akakipaka wino, akakibonyeza kwenye karatasi. Halafu akakifuta wino kwa leso yake, kwa upole sana. Upole ule ndio unaoniamsha hata leo.

Karatasi ilisema nini nilikuja kujua baadaye, iliposomwa mbele ya wafanyakazi wote na kutafsiriwa. Ilisema mimi, Oketcho, niliona kwa macho yangu Magero akiwa amelewa, na kwamba aliacha maji ya boila yapungue. Magero hakunywa hata pombe ya busaa ya msibani. Ilisomwa, dole langu likaonyeshwa, na ndugu za Odoi na ndugu za Wafula wakasikia. Nilisimama nikasema si kweli. Kembo akauliza hili ni dole la nani. Likawa ni langu.

Niliporudi kazini walinipa kazi ya kutoa punje kwenye tangi la kwanza, pamoja na vibarua wawili. Tulifungua kifuniko. Hamkuwa na punje za kumwagika. Mlikuwa na jiwe jeupe, limejaza tangi, punje zimo ndani yake kama kunde kwenye ugali. Na katikati ya jiwe, kutoka juu mpaka chini, lilikuwapo tundu moja, laini, upana wa mkono wa mtu. Maji yalikuwa yamejichimbia njia. Majuma yale yote yalipita humo bila kugusa kitu, kisima kikaenda moja kwa moja kwenye boila.

Kibarua mmoja aliingiza mkono kwenye tundu mpaka begani. Aliutoa upesi. Alisema ndani ni vuguvugu. Tangi lilikuwa limekauka mwezi mzima. Hakurudi kesho yake.

Mimi nilivunja kipande nikakiweka kando ya plasta ya mkono wangu, iliyokuwa bado haijatolewa. Rangi moja, ubaridi mmoja, unga mmoja. Kilichomuua Magero ndicho kilichonifunga mkono uliomsaliti. Nilicheka peke yangu mpaka Ekisa akaja kutazama.

Tulilisafisha tangi, tukalijaza punje mpya. Kembo aliamuru, bila kusema ni kwa nini, asidi irudi kutiwa hafifu kwanza. Aliandika kanuni ikapigwa mashine na kubandikwa ukutani, ndiyo hiyo mnayoifuata mpaka leo, yenye jina lake chini. Tangi lilipokuwa tupu liligonga. Lilipojaa liligonga. Mchana tu, wakati wa chakula, mara tatu na kupumzika. Injinia mmoja mgeni alisema ni chuma kinapanuka kwa jua. Huenda. Chuma kinachojua kuhesabu mpaka tatu. Na kila masika, unyevu ukipanda, alama za mkaa zinachomoza tena kwenye ukuta chini ya chokaa ya Ekisa. Wamepaka mara nne. Nendeni mkaangalie, nyuma ya hiyo karatasi ya Kembo.

Ningeweza kufa na haya kimya, kama si mtoto.

Mwaka huu, baada ya kuacha kazi, nilikwenda Busia kwa mjane wa Magero, Nekesa. Mwanawe Barasa alikuwa amepata mtoto wa kiume. Mnajua desturi: mtoto akilia asinyamaze, hajalia njaa, anadai jina. Wanakaa, wanamtajia waliotangulia mmoja mmoja, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Nilikuta wameshataja asubuhi yote. Babu wa huku, babu wa kule, wajomba. Mtoto kajikunja, sauti imekauka, analia bila sauti, mdomo wazi tu.

Nekesa akasema taratibu, bila kumtazama mtu, "Magero."

Mtoto akafunga mdomo. Akafungua macho. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango, na naapa aligeuza kichwa, mtoto wa siku chache, akatazama upande wangu. Kisha ngumi yake ndogo ikapiga ubao wa kitanda. Mara tatu.

Halafu dada mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye mwenye neno katika nyumba ile, akainuka.

"Hapana. Jina hilo lina damu ya watu wawili. Nyumba ya Wafula ni ile pale, moshi wake tunauona. Nimwite mtoto wa kwetu jina hilo, mama yake Wafula asikie?"

"Shangazi, baba hakuua mtu," Barasa akasema.

"Najua hakuua. Nimemlea. Lakini karatasi imesema, na dole limewekwa. Nani ameitengua?" Akanigeukia. "Wewe mgeni, si ulikuwa huko kazini? Wewe wasema nini?"

Nikamwambia. Nikainua kidole hiki nikamwonyesha. Nilitegemea atanitemea mate. Alikitazama, akasema, "Dole moja haliondoi karatasi. Waliokushika mkono waje."

Akaketi. Mtoto akaanza kulia tena.

Basi, Yokana Ekisa. Kembo amerudi kwao, bahari iko katikati, huyo nimemwachia Mungu na tangi. Wewe uko Tororo hapa hapa, una ofisi na kiti kinachozunguka, na vijana hawa wanakuita Mzee. Sitaki uniombe mimi radhi. Nataka upande basi asubuhi moja uje Busia, mimi nitakusubiri mpakani upande wa Kenya. Tutakwenda kwanza kwa mama yake Wafula. Kisha kwa ndugu za Odoi. Kisha tutaingia nyumba ya Nekesa, utasimama mbele ya yule dada mkubwa wa Magero, useme nani alitoa amri, nani alijua, nani alishika kidole cha nani. Mimi nitasema nani alifungua valvu.

Mtoto ana miezi mitatu sasa. Wanamwita "huyu". Nilipita juzi, bado analia, na saa sita mchana ananyamaza kidogo, kama anasikiliza kitu, kisha anaendelea.

Usiseme hujapata habari. Karatasi hii nimeibandika mwenyewe nyumba ya maji, kando ya kanuni ya Kembo, na nakala yako nimeiweka mezani kwako. Safari hii nimeisoma yote kabla ya kuweka dole.